Jino la Sperancia

Kwa miaka ishirini, hakuna sherehe ya jumuiya yetu hapa Ihanda iliyopikiwa maharage yasiyopita kwenye ungo wangu. Mimi Kokugonza, au Mama Placidia kama wanavyoniita majirani, ndiye mchambuaji, na nilijivunia kweli. Basi siku ya kipaimara, Sperancia mwenye duka alipotema kijiwe mbele ya wageni, na kipande cha jino kikafuata, nilitamani ardhi ipasuke.

"Nani kachambua haya?" akauliza, mkono mdomoni. "Mama Placidia, macho yako yamekwisha. Waachie wengine ungo."

Yamekwisha! Wiki nzima nilivimba kwa hasira. Nikaapa kwenda kupimwa macho, niandikiwe karatasi yenye mhuri, nikambandikie dukani kwake.

Daktari alinimulika jicho la kulia, akarudia. Kisha akanifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha.

"Mama, ni mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Kichwa hakikuumi?"

"Mwanangu, siumwi popote. Asubuhi nimepalilia migomba."

"Presha ndivyo ilivyo. Imekaa kimya huku inapasua mishipa midogo ndani ya jicho, na damu imevuja. Ingeendelea hivi ungepofuka, au ungepooza upande mmoja. Hata figo na moyo vinaumia. Nani kakwambia uje?"

Huyo aliyenileta nilikuwa nimemsema vibaya njia nzima.

Sasa ni mwezi wa tano nameza vidonge kila siku, niumwe nisiumwe, na chumvi naishika kwa ncha za vidole. Jicho la kulia bado lina ukungu kidogo. La kushoto ni zima, mikono na miguu yangu pia, namshukuru Mungu.

Jumapili iliyopita niliipeleka ile karatasi ya daktari dukani kama nilivyoapa. Sperancia akaisoma hadi mwisho, akakaa juu ya gunia.

"Mwenzangu, nisamehe. Nilikuaibisha mbele ya watu."

"Nikusamehe nini? Asante sana, dada. Wewe umepoteza jino, mimi nimebaki na macho."

Nikafunua bakuli la maharage niliyochambua mwenyewe, juani, mara tatu. Sperancia akachota kijiko kilichojaa, akatafuna bila kukagua.