Mpagazi wa Mabruki

Kaka yangu Anselm alionea aibu kila kitu chetu isipokuwa kura zetu. Nasema hili mapema msije mkadhani nitamtetea. Kutetea watu ilikuwa kazi yake. Mimi ni mkulima wa karanga hapa Itetemia, na mdomo huu nimeurithi kwa baba.

Alisomea uwakili Uingereza, akarudi Tabora akawa anasimama mahakamani kwa ajili ya wakulima wasiojua hata jina la kosa lao. Watu walimheshimu sana. Lakini kuheshimiwa na kupendwa ni mambo mawili, na ulipofika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, hotuba zake zilikuwa kavu kama muhogo wa kuanika.

Aliyemwokoa ni Mabruki, mshona nguo wa mjini, rafiki wa baba. Mabruki ni Mzaramo. Babu yake alikuja huku na msafara wa pembe akaoa, akabaki. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu siku hizo babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Basi Mabruki alipanda jukwaani, akamvua Anselm kofia, akaivaa yeye.

"Huyu ni mpagazi wangu!" akapiga kelele. "Nataka anibebee mzigo mpaka Dar es Salaam. Nani atanisaidia kumtwisha?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakamtwisha. Anselm akaenda Barazani.

Mwaka uliofuata baba alifariki. Kwetu watani ndio wanaochimba kaburi na kufukia, na wana ruhusa ya kumkejeli hata marehemu. Msiba usio na watani ni msiba wa mtu asiye na watu. Mabruki alikuja na wenzake mapema, akachimba, kisha akavaa koti la baba, akakohoa kikohozi cha baba, akamwomba mama ugoro kwa sauti ileile ya baba. Mama hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mumewe akate roho. Alicheka, akalia, halafu akaomba uji. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya Mabruki.

Anselm alishuka kwenye treni amevaa suti nyeusi. Mazikoni akaja na Mzungu mmoja mkubwa wa serikali pamoja na askari wawili wa huyo Mzungu. Padri alipomaliza sala, Mabruki akashuka kaburini, akajilaza chali na lile koti.

"Mzee hazikwi!" akasema kutoka shimoni. "Mpagazi wangu ashuke mwenyewe anitoe, na suti yake hiyo ya kukopa!"

Tulicheka wote, hata padri alikohoa kuficha kicheko. Anselm alitakiwa tu ashuke, amvute mkono, achafuke kidogo, mambo yaishe. Anajua, amekulia humu. Lakini Mzungu alimgeukia akauliza kitu, na nikamwona kaka yangu anababaika kama mtoto aliyejikojolea mbele ya wageni. Akajibu kwa Kiingereza, kisha akawaambia askari kwa Kiswahili, "Mtoeni. Ni mlevi."

Mabruki, mtu wa swala tano! Askari walimvuta kwa kola ya koti la baba, nayo ikachanika. Hakubisha. Walipomwondoa kuelekea kituo cha polisi, wenzake waliweka majembe chini, mmoja mmoja, wakamfuata. Hakuna aliyetukana.

Tulimfukia baba wenyewe, kimya, kama watu wanaoficha kitu walichoiba. Anselm alishika jembe mpaka viganja vikamchubuka, na sikumhurumia. Mama alirudi ndani akafunga mlango, na uji ulioletwa hakuugusa.

"Nendeni mkamlete mtani wangu," alisema kupitia mlangoni. "Mpaka aje yeye, mume wangu hajazikwa."

Mabruki aliachiwa jioni ileile. Kesho yake Anselm alibeba jogoo mwenyewe, kwapani, mjini kote, nami nikamfuata. Tulimkuta Mabruki kibarazani kwake kwenye cherehani. Alipotuona akainuka, jambo ambalo hakuwahi kutufanyia, akafuta kiti vumbi.

"Karibu, mheshimiwa."

"Shikamoo, mzee," Anselm alisema, akaketi, akaiweka kofia yake mezani.

"Marahaba, mheshimiwa. Pole kwa msiba."

"Mzee, nimekosa. Nitukane."

"Nani amtukane mjumbe wa Baraza?"

"Mimi ni mpagazi wako."

"Hapana. Wangu alikuwa baba yako, na nimezuiwa kumzika."

Anselm akamnyooshea jogoo. Mtani angemnyakua, angelalamika kwamba amekonda kama mwenyewe. Mabruki alimpokea kwa mikono miwili, akasema ahsante.

"Mama anakuita," nilimwambia. "Hali chakula."

"Nitakwenda kwa mama yenu, Bertila. Nitakwenda leo hii." Alinitazama mimi, si kaka yangu. "Huyo mama ni mtani wangu."

Tuliaga. Tulikuwa tumefika barabarani tuliposikia anatufuata mbiombio. Kofia ya Anselm ilikuwa mkononi mwake. Kaka yangu alisimama, na nikaona alivyoinamisha kichwa kidogo, uso umemchangamka ghafla, akingoja. Mabruki aliifuta kofia kwa kiwiko cha kanzu yake, akamkabidhi.

"Umesahau kofia yako, mheshimiwa," akasema, akarudi kwenye cherehani.