Wanawake Thelathini na Mmoja

Mwaka wa 1973 Phelis Bochaberi alikuwa akifundisha saikolojia katika chuo kimoja cha walimu karibu na Kericho. Mkuu wa idara, Bwana Hezekiah Kipyegon, alimtuma akawahoji wazee wa mashamba ya chai: mtu akizeeka, moyo wake hutulia? Fomu alipewa zikiwa zimeshachapwa.

Katika laini, yaani nyumba za wafanyakazi, za shamba moja upande wa Litein, nyapara Omwenga alimletea wazee kumi na wanne. Wote wanaume.

"Akina mama wazee wako wapi?" Phelis aliuliza.

"Hao hawana maneno, madam. Mabwana wao watawajibia."

Mzee Mokaya, mlinzi wa stoo ya mbolea, hakuona shida. Alipoulizwa kuhusu mkewe alisema, "Huyo ana furaha. Anakula, analala. Andika hivyo."

Phelis aliandika. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba. Nyambeki, mke wa Mokaya, alikuwa akipasua kuni. Shoka alilibana kwa viganja, kwa kuwa vidole vyake havikukunjuka tena.

"Mama, mzee anasema una furaha."

Nyambeki aliweka shoka chini. "Aliniuliza lini?"

Phelis akaketi kwenye gogo. Mama huyo alikuwa amechuna chai miaka ishirini na sita. Asubuhi yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo, na wachunaji wa ng'ambo ya bonde wakimwitikia. Siku vidole vilipokataa, karani alikata jina lake kwa rula kwenye orodha ya wachunaji. Mokaya, aliyemzidi kwa miaka minane, miguu ilipomchosha alihamishiwa stoo.

"Yeye amezeeka, amepewa koti na kiti," Nyambeki alisema. "Mimi nimezeeka, nimepewa kuni. Tangu siku hiyo hakuna mtu ameniuliza nimeamkaje. Nikipita pale kwa mzani wa chai, wasichana niliowafundisha kuchuna wanaangalia kando. Andika hiyo pia."

Kwa wiki tatu Phelis alizunguka nyuma ya nyumba za laini. Mwanamke mmoja alimfukuza, akisema kumuuliza mtu uzee wake ni kumwombea kifo. Wengine thelathini na mmoja walisema, naye akaandika migongoni mwa fomu, maana mbele hapakuwa na nafasi yao. Akampelekea mkuu wake zote, akibaki na daftari alimokuwa amenakili maneno yao.

Siku ya mkutano, mbele ya walimu na mameneja wa mashamba, Bwana Kipyegon alisoma ripoti. Wazee tisa kati ya kumi, wake kwa waume, walikuwa na utulivu wa moyo.

 Phelis akasimama.

"Bwana Mkuu, hao wanawake wenye utulivu ni akina nani? Maana mimi ndiye niliyewaendea."

"Habari za wake zilitoka kwa wenye maboma. Ndio utaratibu. Yale uliyoongeza yalikuwa malalamiko, si utafiti."

"Kwa hiyo mume akishiba, unaandika kwamba mke amekula?"

Mtu alicheka. "Keti, madam," mkuu alisema.

Hakuketi. Alifungua daftari, akasoma maneno ya Nyambeki yote, sauti ikimtetemeka kwa hasira. Alipofika mwanamke wa saba, viti vilikuwa vikivutwa. Mameneja walikuwa wakitoka kwenda kunywa chai. Akaendelea hadi wa thelathini na mmoja.

Ripoti ilichapwa vilevile. Phelis alipata barua ya onyo na kuondolewa kwenye utafiti, lakini darasa aliachiwa. Jumatatu aliwaamuru wanafunzi wafunge kitabu, maana sura yake ya uzee ilizungumzia wanaume waliostaafu maofisini tu. Likizoni, kila mmoja amuulize bibi kizee mmoja wa kwao habari za uzee wake, bila mwanamume karibu. Chepngeno, msichana wa Ndanai, alirudi na kurasa kumi na tisa, macho mekundu.

"Nimekaa na nyanya yangu miaka yote hii, mwalimu," alisema. "Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata mimi!"

Phelis alirudi shambani kumweleza Nyambeki, kwa aibu, kwamba karatasi zilikataliwa.

"Walitoka ukisoma?" Nyambeki aliuliza.

"Walitoka."

"Wote?"

"Walibaki wapishi wawili, mlangoni."

"Basi rudi usome tena," alisema. "Na safari hii nitakuja mwenyewe."