Papai la Kesho

Saa nne asubuhi mpishi wa kiwanda cha viatu alikuwa ameshakaanga nyama ya nguruwe mpaka ikawa kahawia. Akatia vitunguu, nanasi, maji kidogo na papai bichi pamoja na utomvu wake, akafunika, akapunguza moto. Meneja alinunua nguruwe vikongwe, na bila papai nyama ile ingeng'oa watu meno.

Chakula kilikuwa kitamu na kilishibisha. Wiki ya tatu, wafanyakazi nao wakaanza kulainika. Vilianza vidole. Mashine ya kugandamiza soli haikuwa na kinga, lakini sasa kidole kilichonaswa kilitoka bapa kama ulimi wa kiatu, na kufika jioni kilikuwa kimejaa tena. Meneja akafuta oda ya kinga.

"Mama, zidisha papai," akamwambia mpishi.

Binti wa mpishi alikaa mashine ya pili. Jumatatu shingo yake ilishindwa kubeba kichwa. Mama alimgusa kifuani, akahisi moyo ukipiga karibu mno na kiganja, kama hakuna mbavu kati yao. Mpishi yule alijua moyo wa nguruwe ukiiva sana huvunjwa kwa kijiko.

Jumanne hakutia papai.

"Mama, leo umetupikia soli?" wakamtania, wakitafuna.

Saa nane miili ilikuwa imekaza. Saa tisa mashine ya kwanza ikachukua vidole viwili vya jirani wa binti. Sakafu ikafagiwa, kazi ikaendelea.

Jumatano mpishi akamenya mapapai mawili.

Mchana, baada ya sahani ya kwanza, binti akaja dirisha la jikoni, kichwa kimelala tena begani. Mama akamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, akamlisha kwa wa kulia.

"Kitendawili," akasema, akichota kijiko kingine.

"Tega."

"Akiwa mgumu hukatwa, akiwa laini huliwa."

"Nguruwe?"

"Siye."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Mji nitautoa wapi, Mama? Chukua kiwanda."

"Hicho sikitaki."

Binti akacheka, na kicheko kikamtikisa mwili mzima kama mchuzi ndani ya bakuli. Kengele ikalia. Mama alipomwachia, alama za vidole vyake vinne zilibaki kidevuni. Akazifuta kwa kidole gumba, polepole, asije akatoboa.

Binti akarudi kwenye mashine. Mama akaosha kisu, akaenda kuchagua papai la kesho.