Kipimo cha Darajani

Waziri wa fedha alimkuta kaka yake amekaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni. Siku nyingine angemcheka mpaka basi. Leo, loo, hata salamu aliisahau. Shule nzima ilijaa watu wa bondeni waliokimbia mafuriko, na mke wa kaka hakuwemo. Wifi yake, aliyezoea kumwita "mke wa serikali" mbele ya walinzi wake, alizikwa jana.

Waziri mwenyewe, tuseme ukweli, hakubahatisha cheo. Alizunguka dunia nzima akizibembeleza benki kubwa, akarudi na mpango uliosifiwa kila mkutano. Kipimo kilifungwa kwenye daraja la mjini; mto ukifika mstari mwekundu, kila simu ya bondeni inalia, pesa za kuhamia zimeshaingia na malori yako njiani. Kwa mpango huohuo, mfuko wa kimataifa wa tabianchi ulitaka kumfanya mkuu wake. Wangempigia muda si mrefu, na msaidizi wake alikuwa mlangoni roho juu.

Sasa mto, kwa ukorofi wake, ulipasua ukingo huko juu kabla haujafika darajani. Maji yote yakashukia bondeni, kipimo kimetulia tuli.

"Nilimwambia tuondoke," kaka alisema. "Majirani walishabeba watoto. Akanijibu, acha pupa mume wangu, simu haijalia. Wifi yangu hawezi kunidanganya."

"Kaka, nisamehe."

"Tumemtoa kwenye matope bado kaishika simu, dada."

Waziri mzima akaangua kilio mbele za watu. Hakuna aliyembembeleza.

Simu ikaita. Msaidizi akamsogezea, akimnong'oneza, "Mheshimiwa, sema kipimo kiliharibika. Yataisha hapo."

Aliipokea palepale, kaka akisikia. "Kipimo ni kizima," aliwaambia wakubwa wa mfuko. "Tulikifunga pale ili wageni wakifikie kwa gari. Watu wa bondeni hatukuwauliza mto hupasukia wapi. Hicho cheo mtafutieni mwingine."

Akakata. Msaidizi alishika kichwa.

"Umemaliza?" kaka akauliza. "Maana mvua haijakatika. Wa ng'ambo ya mto wamo majumbani mwao mpaka sasa hivi, wanangoja simu yako ilie."

Waziri alinyanyuka na machozi yake, akampigia kelele dereva awashe gari.