Nilifuta Mimi

Programu ya baba hufunguka hivi: unabofya mara mbili kale kapicha ka maiki, linatokea boksi la bluu lililoandikwa "Tafadhali subiri", halafu unaiona kazi yako. Asubuhi ile boksi lilitokea, likaniomba nisubiri, nikasubiri. Nikachemsha chai, nikainywa, nikarudi. Boksi bado limekaa palepale na adabu zake. Nilipobofya tena, skrini nzima ikapauka na kuandika kwamba programu haijibu. Mimi nauza vipuri vya magari, kutwa nabishana na madereva, na sijazoea kitu kisichonijibu.

Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikachomoa maiki, nikachomoa printa, nikachomoa na waya ambao hata sikujua ni wa nini. Kila nikiwasha, tafadhali subiri, halafu kimya. Nikaipiga kofi la ubavuni, nikaitukana tusi la gereji, na tusi lenyewe halikusaidia kitu.

Niseme kwa nini roho yangu ilikuwa juu. Baba alikuwa mtangazaji, ila si wa redioni. Alianzia kituo cha mabasi, akiita abiria kwa kipaza sauti, na alipostaafu akawa anarekodi matangazo ya maduka humo chumbani mwake, yale yanayopigwa mlangoni kutwa kucha. Viatu, magodoro, dawa ya kunguni. Mwenye duka analeta maneno, baba anayatia uhai. Kisha koo likaota uvimbe, na daktari akasema ama kile kisanduku cha sauti kitoke, ama mzee mwenyewe aondoke. Kikatoka. Baba akabaki hai, yuko hospitalini na tundu shingoni, na sauti ndiyo imekwenda, hairudi. Alipopata nguvu ya kushika simu alituandikia: "Kuna maneno nimewaachia kwenye kompyuta. Sikilizeni."

Watu wengine walinifariji kwamba angalau sauti yake ipo mitaani. Ipo kweli. Nikienda dukani kwangu napita duka la viatu, na baba yuko pale mlangoni anapiga kelele kwamba bei zimeanguka. Nilikuwa nazunguka njia ya nyuma ili nisimsikie. Ile ni sauti ya kazi, nene, ya kuchekea wateja, na hiyo ninayo ya kumwaga. Mimi nilitaka sauti ya nyumbani, ile ndogo yenye mkwaruzo, iliyokuwa ikiniambia, "Mama, punguza moto." Hiyo hatukuirekodi hata siku moja. Nani anamrekodi baba yake akiulizia chumvi? Kama haikuwa ndani ya ile programu iliyoganda, basi haikuwa popote.

Nikamwita fundi wa kompyuta, mmoja anayeitwa Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno lake. Ukimwambia kitu kimekufa, anasema taratibu. Ukimwambia fanya haraka, ndiyo kabisa. Akaketi, akaangalia lile boksi likiganda, akaniuliza maswali kama daktari wa watoto. Baba alikuwa akimaliza kazi, anazimaje?

Nikamwambia anachomoa plagi ukutani. Ndivyo alivyozoea kule kituoni. Mashine yao ilikuwa na swichi mbovu, basi akimaliza kuita abiria anachomoa, kwisha. Hata hapa nyumbani hakuna aliyeweza kumbadilisha. Taratibu akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Akanieleza kwamba programu ile, mtu akiwa anarekodi, huweka sauti vipandevipande kwenye folda ya pembeni, na kazi inapohifadhiwa ndipo inaviunganisha. Mzee alichomoa bila kuhifadhi. Sasa kila ikiamka inajaribu kuviunganisha vile vipande, inagonga kimoja kilichoharibika, inaduwaa hapohapo. Dawa ni kuisogeza ile folda isiione, ifunguke kwanza, halafu vipande viletwe kimoja kimoja.

"Lakini kabla sijagusa," akasema, "kuna mtu yeyote amefuta kitu hapa?"

"Nilifuta mimi," sauti ikatoka jikoni.

Alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Mume wake ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anapita kama mgeni, na wifi ndiye aliyekuwa akiishi na baba. Wakati ule alikuwa anachuja supu ya kumpelekea hospitalini, maana baba alikuwa analishwa kwa mpira. Akatokea mlangoni anajifuta mikono, akasema kwa upole kabisa kwamba alifuta siku ile mzee anaondoka kwenda hospitalini, tena alifuta kila kitu.

Damu ikanipanda kichwani. Niliona giza, sisemi uongo. Nikamuuliza alikuwa anatafuta nini kwenye kompyuta ya watu, nani alimtuma, anajua alichokifanya au hajui. Akafungua mdomo, nikamkatiza kabla hajasema. Mimi na yeye hatukuwahi kugombana, kwa sababu nikifoka yeye hunyamaza, na mtu wa kunyamaza ananitia wazimu. Basi akanyamaza. Nami nikampa yote, hata yale ambayo mtu mwenye akili huyameza.

"Hapa si kwenu," nikamwambia. "Na yule si baba yako."

Aliniangalia kidogo. Akakiweka kitambaa mezani, akakikunja vizuri, akaenda chumbani, akatoka na mkoba wake. Hakubamiza mlango. Nilitamani aubamize.

Taratibu alikuwa amejikunyata mbele ya skrini, amejifanya hayupo. Nikamwambia aendelee, kama kuna cha kuendelea. Akabofya hapa na pale, akafungua ile folda, akaitazama kwa muda, akakohoa.

"Dada," akasema, "mbona hapa hakijafutwa kitu? Vipande vyote vipo, vya tarehe ileile." Akapitisha kidole juu ya kompyuta, akakitazama. Kisafi. "Nadhani yeye alifuta vumbi."

Nilikaa. Kuna kiti kilikuwa pale, bahati yangu. Nilitaka nimkimbilie mlangoni, na nilitaka nisikie sauti, na aibu iwe aibu, nilibaki nikisubiri sauti. Nikajiambia wifi nitampigia baadaye. Kazi ile ilikula mchana wote, kipande baada ya kipande, na hakuna kitu kinachokera kama kumtazama mtu asiyeharakisha akifanya kazi vizuri. Hatimaye boksi la bluu likatokea, likaniomba nisubiri, likaondoka. Programu ikafunguka. Taratibu akaunganisha vipande, kile kibovu akakiacha nje, akanivisha visikilizio. Nikavivua. Nilitaka ijae chumbani.

"Wanangu wapendwa," baba akasema, "huyu ni baba yenu." Sauti nene, ya kuchekea wateja. Akatuambia tupendane, tushirikiane, kila neno limenyooshwa pasi. Nilikuwa nimeivuruga nyumba kwa tangazo.

Akaanza upya. Akakwama, akaanza tena. Kisha mlango ukalia, na sauti ya mwanamke ikauliza kama afute au amwache kwanza.

"Futa tu, mwanangu," baba akasema, na ilikuwa yenyewe. Ndogo, na mkwaruzo wake. Nikashika meza kwa mikono miwili. "Hapa sifanyi kitu. Nimetangaza magodoro maisha yangu yote, leo nawaaga watoto na natoka kama naita abiria."

Kitambaa kikasikika kikipita mezani. Wifi akamuuliza, kwa ile sauti yake ya chini, anataka kuwaambia nini hasa.

Kukawa kimya, nikadhani ndipo kile kipande kibovu kilipokuwa.

"Naogopa," baba akasema. "Hivyo tu. Naogopa, mwanangu. Usimwambie wifi yako. Yule akisikia, atakwenda kugombana na daktari."

Wifi akacheka kidogo, baba akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akamwahidi kwamba hatamwambia mtu. Akamwambia wakae tu pamoja mpaka gari lifike, si lazima aseme chochote. Baba akasema haya. Waya ukachakacha ukutani, na sauti ikakatika.

Taratibu akasimama akaanza kutafuta begi lake, ingawa lilikuwa begani. Nililia mbele yake bila kujificha. Nililia kwa sababu nimempata baba, na kwa sababu aliogopa na mimi sikuambiwa, na kwa sababu alikuwa na haki ya kutoniambia.

Wifi alikuwa kwa dada yake. Nilipiga, hakupokea, nikapiga tena mpaka akapokea. Kuomba radhi kwangu ni kazi kuliko kushusha injini, lakini nilisema lote, sikuficha neno. Nikamwambia nilikosea, arudi nyumbani, sauti ya baba imepatikana, aje aisikie ilivyo safi. Kwa nyuma nilisikia watoto wa dada yake wakicheza.

"Nilishaisikia, wifi," akasema. "Nilikuwepo."

Kisha akaniuliza kama baba alipelekewa supu yake. Nikaangalia saa. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umepita.