Madigadi ya Mzee Ackson

Mzee Ackson alikuwa na kiti chake duniani, nacho ni madigadi ya kulia ya trekta lake kuukuu. Miaka nenda rudi, mwanawe Jotham akiendesha, mzee alikaa pale juu ya gurudumu kubwa, fimbo mapajani, akiisalimia Masukulu nzima kama bwana harusi. Jotham alipopata kazi Mbeya, usukani ukamwangukia mkewe, Ikupa, na Ikupa hakukipenda kabisa kile kiti.

Kuendesha alikuweza, na alijua kwamba anakuweza. Kila asubuhi alikagua breki na kuziunganisha pedeli zake mbili, ya gurudumu la kulia na ya kushoto, zishike pamoja. Mteremkoni alitangulia kuingiza gia ndogo, wala hakushuka na free, gia imetolewa, kama wale wabana dizeli wanaoishia mtaroni na ndizi zao. Lakini trekta lilikuwa na kiti kimoja tu, na anayeteleza kwenye madigadi huangukia gurudumu. Alimweleza mzee kwa adabu. Mzee akamjibu kwamba akiona taabu, ufunguo atapewa mpwa wake, Jacob, bingwa wa free wilaya nzima. Hapo Ikupa akaogopa kweli. Kwa Jacob wangekwenda na maji wote, mzee wa kwanza.

Siku ya gulio waliamkia tope. Mzee akaja na kigoda chake cha kukalia sokoni, akakifunga kwa kamba juu ya madigadi, akainua mguu apande.

Ikupa akazima injini. Akashuka, akampa mzee mgongo, akamgeukia mama mkwe wake, Atupele, na kusema kwa sauti iliyowafikia hata majirani waliokuwa wakipakia mikungu kwenye tela.

"Mama, naomba unisaidie kumwambia baba. Mimi ni mkwe. Bibi zetu hawakupita hata njia moja na baba mkwe, walijificha migombani. Leo mimi nikae naye bega kwa bega mpaka Tukuyu, watu watatuonaje?"

Ukweli ni kwamba nyumba ile ilikwisha kuuzika mwiko huo zamani. Mzee na mkwe walikula meza moja, na juzi tu walikuwa wamebishania chumvi. Lakini hakuna mzee wa Kinyakyusa atakayesimama mbele za watu aseme mila za mama yake ni upuuzi. Wanawake walificha vicheko kwenye kanga. Mzee akashusha mguu.

"Mwambie huyo mjanja nitatembea," alimwambia mkewe. "Na jioni tutaongea habari ya ufunguo."

Basi trekta likatangulia na kigoda cha mzee juu ya madigadi, wazee na majirani wakifuata nyuma kwa miguu. Kwenye mteremko wa kijitoni, ukingo wa barabara ukamomonyoka chini ya gurudumu la kulia. Trekta likainama. Kamba ikakatika, kigoda kikaruka, na gurudumu likapita juu yake. Ikupa hakupapatika. Gia ndogo ilikuwa imeshika, akakanyaga breki, zikauma pande zote mbili sawasawa, na trekta likasimama hivyo hivyo limeinama. Majirani wakakimbia kuweka mawe kwenye magurudumu, naye akashuka.

Mzee akafika akihema. Akainama, akachomoa topeni mguu mmoja wa kigoda, akautazama kwa muda. Wengine walimtazama yeye. Kisha akampa mkwe wake mgongo, kwa mila zote, akamgeukia Atupele.

"Mama Jotham, mwambie mwanangu, ndaga fijo. Asante sana. Na ufunguo ni wake."

"Amesikia," alisema Atupele, akijifuta macho.

Hadi leo mzee huenda gulioni kwa miguu. Majuzi mchungaji alichoka njiani, akaona madigadi yako wazi, akainua mguu. Fimbo ya mzee ikamzuia kifuani.

"Samahani, Mchungaji," alisema. "Mkwe wangu ana miiko."