Uongo Mmoja kwa Kila Ndege

Kila ndege iliyotoka mikononi mwa Ribiti ilikuwa na uongo mmoja. Mmoja tu, tena mdogo. Haukuwa uongo wa uvivu, maana mwanamke huyu hakuwa na chembe ya uvivu. Aliweza kuhesabu ribiti za bawa, zile pini za chuma zinazoshikiza mabati ya ndege, moja baada ya nyingine mpaka chai ikapoa, na ndiyo maana nduguye akambandika jina hilo, likamganda. Mchana aliandika vibao vya maduka katika karakana ya matangazo. Akirudi nyumbani kwa mama yake huvua viatu, akaingia chumba cha nyuma chenye skrini mbili na feni yenye pumu, akatengeneza ndege za kivita kwa ajili ya watu wanaocheza kuzirusha kwenye kompyuta. Kwanza modeli, yaani umbo lenyewe. Kisha ngozi. Wachezaji huita ngozi ile picha inayovishwa juu ya umbo: rangi, namba, masizi ya moshi, mikwaruzo mahali rubani anapokanyaga akipanda.

Uongo ulianza baada ya mjanja mmoja kuiba ngozi yake na kujisifu nayo mbele ya watu kwamba ni jasho lake. Ribiti alilia siku mbili. Siku ya tatu akanunua daftari. Tangu hapo kila kazi aliitia kitu kimoja ambacho ndege halisi haina: skrubu ya ziada, doa la mafuta mahali ambapo mafuta hayafiki, mlango mdogo usiofunguka. Kisha akaandika kwa wino: tarehe, ndege, uongo. Mwizi akinakili atanakili na uongo wake, halafu tutaonana. Kazi mia moja arobaini na tatu, na hakuna hata moja iliyotoka mle chumbani bila uongo.

Mtu mmoja tu alikuwa na ruhusa ya kuutafuta: nduguye, kitindamimba wa nyumba ile, rubani wa ndege za kivita za kweli kweli. Akija likizo hukaa kwenye kiti cha dada yake bila kuombwa, akaizungusha ndege kwenye skrini, jicho likitambaa pembe kwa pembe kuanzia puani hadi mkiani.

"Huu hapa, dada. Bomba gani linatokea hapa? Unataka kutuua?"

"Toka kwenye kiti changu. Umebahatisha."

"Mara ngapi mtu anabahatisha?"

Hakuwahi kushindwa, na mama yao, aliyekuwa hajui bawa wala mkia, alipenda kusimama mlangoni akiwacheka, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakigombana tangu wangali na kamasi puani.

Kisha akaja Mteja. Hakuwa na jina lingine, wala sura; alikuwa maandishi tu kwenye simu. Alitaka ndege namba ishirini na saba ya kikosi fulani, si kama ilivyotoka kiwandani, bali ilivyo leo, na kila doa lake. Ishirini na saba ndiyo aliyokuwa akiirusha nduguye. Mtu mwingine angejiuliza huyu Mteja amelijuaje hilo, au kwa nini katika ndege zote za dunia ameitaka hiyo. Ribiti hakujiuliza. Alifurahi, na mimi nasema hapo ndipo alipokosea kwanza: sifa zilimpanda kichwani akaona dunia nzima imeanza kutambua jicho lake.

"Dada, picha za kwenye banda la ndege ni marufuku," nduguye alimwambia.

"Ni mchezo tu, mdogo wangu. Nani ataumia?"

Kijana akakuna kichwa, akamtumia picha tisa, kisha akazifuta kwenye simu yake. Hajawahi kumnyima dada yake kitu.

Kazi ile ilimchukua wiki sita. Masizi aliyapaka tabaka kwa tabaka. Uongo wake ulikuwa kiraka cha rangi ya kijivu iliyokolea, ukubwa wa kiganja, upande wa kushoto nyuma ya kioo cha rubani, pembe yake moja imekatwa. Nduguye alipokuja likizo alikigundua kabla hajamaliza kumenya chungwa. Ribiti akaiandika kwenye daftari, akaituma. Mteja akajibu kwa maneno mawili: "Kazi safi."

Miezi miwili ikapita. Jumatatu asubuhi Ribiti alikuwa juu ya ngazi akiandika kibao cha duka la miwani, redio ya karakana ikaacha muziki. Ndege ya kivita ilikuwa imevuka mpaka na kupiga daraja la nchi jirani saa ya watu kwenda kazini. Walikufa watu thelathini na mmoja. Mtu mmoja aliyekuwa ng'ambo ya mto alipiga picha kwa simu, na picha ilikuwa kali kiasi cha kusomeka namba. Ishirini na saba.

Hadi saa sita mchana nduguye alikuwa ameshawekwa ndani. Saa ile ya bomu alikuwa angani peke yake, mazoezi ya kawaida, na redio yake ilikuwa imekatika dakika arobaini. Hakuwa na shahidi hata mmoja.

Askari walikuja nyumbani alasiri. Walikuwa wapole mno, walivua kofia, wakamwomba mama radhi, wakaondoka na albamu ya picha za familia. Upole wao ndio uliomtisha Ribiti.

"Nilimzaa mimi," mama alisema walipotoka, bado amesimama. "Namjua hata anavyoua mende. Anafumba macho. Atauaje watu?"

"Hajaua, mama."

"Basi nani ameua?"

Ribiti alikuwa ameishika simu, amekuza ile picha ya kwenye habari mpaka ikajaa skrini. Nyuma ya kioo cha rubani, upande wa kushoto, kulikuwa na kiraka cha kijivu. Ukubwa wa kiganja. Pembe moja imekatwa.

Alikaa chini palepale sakafuni. Ndege ya nduguye haikuwa na kiraka, haijawahi kuwa nacho. Watu fulani walikuwa na ndege nyingine ya aina hiyohiyo, wakaipaka rangi wakiinakili ngozi yake, doa kwa doa, kwa uaminifu wote, na uongo wake wakaudhani ni kweli.

Wakili waliyempata alikuwa mzee mnene mwenye mkoba uliokatika mpini. Alilisoma daftari kurasa zote huku midomo ikicheza, kisha akalifunga taratibu.

"Mama, hili daftari ni roho ya mdogo wako," alisema. "Jopo la kijeshi linakaa Alhamisi. Wataitazama ndege ya kweli, hawataona kiraka. Wataitazama picha ya darajani, wataona kiraka. Halafu mimi nitawaambia kimetoka wapi. Mtoto anarudi nyumbani. Mpaka hapo usifungue mdomo kwa mtu yeyote. Umenielewa? Yeyote."

Jumanne, akiwa anakula mchana karakanani, simu ikalia. Mteja.

"Habari za siku nyingi. Swali dogo tu. Kile kiraka nyuma ya kioo, ni cha kweli?"

Chini ya swali palikuwa na picha. Mama yake, uani, kitambaa cha kijani kichwani, ananyoosha mikono kuanika shuka. Kile kitambaa alikuwa amekivaa asubuhi hiyohiyo. Picha ilipigwa kutoka juu ya ukuta wa uani.

Ribiti aliweka kijiko chini. "Ni cha kweli," akaandika.

"Vizuri. Basi tutumie picha halisi inayokionyesha. Leo."

Alitoroka kazini akakimbia nyumbani. Mama alikuwa mzima, anaimba jikoni, na mle uani hapakuwa na mtu. Ribiti akajifungia chumba cha nyuma. Kumpigia wakili aliogopa. Nani ajuaye nani mwingine anasikiliza simu hiyo? Akapiga hesabu ya haraka, na hesabu ilionekana nzuri: siku mbili tu. Wakiamini kwamba kiraka ni cha kweli watatulia siku mbili, mama atapona, na Alhamisi mdogo wake atatoka. Akapiga moyo konde.

Alichukua picha moja kati ya zile tisa. Akaivisha kiraka. Akakitia vumbi, akakipa mng'ao wa taa za banda, akazizungushia ribiti zake uchafu kidogo, kwa sababu kiraka cha kweli hushika uchafu ukingoni. Chini ya bawa aliweka ndoo iliyosahauliwa, ili pawe na ubinadamu. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na aliifanya kwa saa tatu.

Mwisho, kwa mazoea, mkono ukaenda kutia uongo. Aligeuza kivuli cha ndoo kikaangukia upande usio wake. Akakitazama. Hawa si wachezaji, akawaza, hawa watakikagua kwa miwani ya kukuzia, wakikiona wataruka ule ukuta. Akakirudisha kivuli mahali pake. Picha ikawa safi, haina kasoro hata moja. Akaituma. Halafu akafuta faili zote za kazi ile, zile picha tisa na ujumbe wote wa Mteja, asije mtu akavikuta kwake, na kwenye daftari hakuandika chochote.

Jibu lilikuja mara moja. "Kazi safi."

Maneno yaleyale. Yalimtia shaka, lakini alijiambia ni woga tu, akayafuta nayo.

Alhamisi chumba cha jopo kilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia, meza ndefu, maofisa watatu, taa moja inapepesa. Nduguye aliletwa bila mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa amekonda kwa siku tatu. Alipomwona dada yake alitabasamu, akainua kidole kama afanyavyo akiupata uongo kwenye skrini, na Ribiti nusura aangue kilio.

Wakili aliongea kama kijana wa miaka ishirini. Alionyesha ndege ya kweli isiyo na kiraka. Alionyesha picha ya darajani. Kisha akalinyanyua daftari.

"Waheshimiwa, fundi huyu ana kazi mia moja arobaini na tatu. Hajawahi, narudia, hajawahi kutoa kazi bila kuitia uongo mmoja, na kila uongo umeandikwa humu. Huu hapa ukurasa wa ndege namba ishirini na saba. Walioshambulia daraja walinakili mpaka uongo wake."

Mwenyekiti wa jopo aliinama mbele, akamnong'oneza mwenzake. Mama alimshika Ribiti mkono akaubana. Hoja ilikuwa imeingia. Chumba kizima kiliona kwamba imeingia.

Ndipo mwendesha mashtaka aliposimama, mtu mwembamba asiye na haraka, akatoa karatasi moja kubwa kwenye bahasha.

"Tumeletewa picha hii jana na raia mwema. Ni banda la kikosi. Namba ishirini na saba, miezi miwili iliyopita. Kiraka hicho hapo. Kilikuwepo. Baada ya shambulio kimefutwa, na daftari likaandikwa."

Ndoo iliyosahauliwa ilikuwa chini ya bawa, na kivuli chake mahali pake.

"Hiyo nimeitengeneza mimi!" Ribiti alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Juzi! Walinitishia, walimpiga mama picha, nikawatengenezea!"

"Tuonyeshe ulivyoitengeneza."

"Nimezifuta faili, na ujumbe wao pia."

"Umezifuta." Mwendesha mashtaka hakupandisha sauti. "Lakini si shida. Wakili ametueleza hapa sasa hivi kwamba hakuna kazi yako isiyo na uongo, na kila uongo umeandikwa. Basi chukua daftari. Wa picha hii uko wapi?"

Daftari likapitishwa mezani mpaka kwake. Ribiti alilifungua ukurasa wa mwisho. Akarudi nyuma mmoja. Akaufunua tena ule wa mwisho, akapitisha kidole kwenye mistari mitupu kana kwamba wino ungejitokeza kwa kusuguliwa. Wakili alimtazama, kisha akaanza kurudisha karatasi zake kwenye mkoba, moja moja.

"Naomba niione mimi," nduguye akasema.

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Wakamwekea picha mbele. Kijana akaiinamia, mikono imefungwa, na jicho likaanza kutambaa kama zamani, kuanzia puani, kioo, kiraka, bawa, tumbo la ndege, mkia. Akafika kwenye ndoo akakaa hapo muda mrefu. Akarudi puani akaanza upya. Mama alikuwa akimwangalia kwa matumaini yote, kwa sababu katika maisha yake yote hajapata kumwona mwanawe akishindwa.

Hatimaye akainua uso. Hakumtazama mwenyekiti wala wakili.

"Dada," alisema polepole, "hapa hukuweka."